Maua Ambayo Sikuyanusa

Mama amestaafu, na kazi ya kufunga mizigo yake imeniangukia mimi. Anarudi Kitale mwisho wa mwezi. Jana nilivuta sanduku la kijivu kutoka chini ya kitanda chake, lile ambalo zipu yake iligoma zamani, na chini ya mashuka nikakuta gauni jeupe la mtoto wa miaka saba. Nililileta puani kabla sijafikiri. Lilikuwa bado na harufu ya mafuta ya nazi yaliyoungua, hafifu sana. Au pengine harufu ilikuwa imebaki kichwani mwangu, na gauni liliiamsha tu. Niliketi sakafuni na sikufunga mzigo mwingine siku hiyo.

Sisi wenye umri wangu tuliokulia Doha tunafahamu jinsi tulivyolelewa na watu wengi. Mama yangu alikuwa muuguzi. Baba alibaki Kitale na shamba na kaka zangu, na mimi kitindamimba nikaletwa huku nikiwa na miaka mitatu. Nyumba yetu ya Al Thumama ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja chetu, kingine cha Anti Kumari, mwanamke wa Sri Lanka aliyefanya kazi na mama kwenye kliniki moja, yeye akiwa upande wa kuosha na kuchemsha vyombo. Zamu zao zilipishana, na hiyo ndiyo sababu waliamua kukaa pamoja: mmoja akitoka, mwingine alikuwa nyumbani na mimi. Ndege zilipita juu ya paa letu zikiwa chini kiasi cha kutikisa sufuria, na Anti Kumari alikuwa akisimama dirishani na kuniambia hii inaenda Kolombo, hii haiendi. Sikumbuki kama aliwahi kupatia. Nilimwamini kila mara.

Aliongea Kiingereza cha vipande vipande, akakijaza na Kiswahili alichookota kwetu. Mimi aliniita duwa. Kwa muda mrefu nilidhani ananiita dua, kama ile tunayoomba, na nilijisikia mtu mkubwa sana, hadi siku mama aliponicheka na kunieleza kwamba kwa lugha yao neno hilo maana yake ni binti. Nilivunjika moyo kidogo. Mabinti walikuwa wengi.

Juu ya kabati lake la nguo kulikuwa na Budha mdogo wa shaba, urefu wa chupa ya maji. Mbele yake alikuwa na taa ya mafuta ya nazi na kisahani cha maua. Jirani mmoja wa chini alikuwa na kichaka cha asumini kwenye ua wake, na alimruhusu Kumari achume. Nilimuuliza maswali mengi kuhusu kisahani kile, mpaka akaamua njia rahisi ni kunifundisha. Tukawa na mchezo. Ukumbi mwembamba wa nyumba ulikuwa barabara, mlango wa chumba chake ulikuwa lango, na kabati lilikuwa hekalu la kijijini kwao.

Nilivua ndala mlangoni. Nilivua kofia. Alinifunga khanga ya mama ili magoti na mabega yafunikwe. Tuliketi sakafuni miguu ikiwa imekunjwa upande, kwa sababu nyayo hazielekezwi kwa Budha.

"Duwa, miguu," alikuwa akisema. "Miguu yako inaangalia nani?"

Nami nilikuwa nikiirudisha haraka. Ukitaka picha, hugeuki ukampa mgongo. Mtawa wa kiume wa hekaluni humpi mkono, hasa wewe mtoto wa kike. Unatulia, unainamisha kichwa. Kitu unakitoa kwa mikono miwili. Siku moja nilipokuwa nimebeba asumini nilinusa ua moja, kama mtu yeyote angefanya. Anti Kumari alichukua ua lile kutoka kwenye kisahani, akanichomeka kwenye nywele.

"Hili sasa ni lako," akasema. "La kwake usinuse. Ukinusa umeshalichukua wewe."

Kwenye mlango wa kabati alikuwa amebandika picha ya hekalu lenyewe, picha halisi iliyopauka pembeni. Ndani yake alikuwapo Budha mrefu wa rangi ya dhahabu, amelala ubavu kwenye mto wa mawe, mkono chini ya shavu.

"Amelala?" nilimuuliza.

Alitafuta neno, akalikosa. "Ndiyo," akasema. "Kulala. Hapo ni kwetu."

Nililiweka hilo akilini kama mtoto anavyoweka vitu, bila kujua nitalitumia wapi.

Halafu akaugua. Tumbo, walisema. Alikonda hadi bangili zake zikawa zinateleza mpaka kiwiko. Alilazwa, na watoto hawakuruhusiwa wodini. Mama alikuwa akitoka zamu yake na kwenda moja kwa moja kwenye wodi ya Kumari, na mimi nikawekwa kwa Mama Shiro, jirani yetu Mkenya wa jengo la pili. Asubuhi moja mama alikuja kunichukua akiwa bado amevaa sare. Alichuchumaa mbele yangu, akanifunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

"Nekesa, Anti Kumari amelala."

"Yuko wapi?"

"Wanamrudisha kwao."

Kwetu, Kitale na Doha pia, watu wazima hawakuwa wakilitaja lile neno lingine mbele ya mtoto. Alilala, alitangulia, alipumzika. Kwa hiyo sikulia. Nilikuwa nimeona picha. Nilijua mahali ambapo watu wa kwao Kumari hulala, na nilijua ni nini kinatakiwa ili uingie.

Mwezi uliofuata mama alipokea barua ya Nimal, mdogo wake Kumari, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza kule. Aliandika kwamba mwezi wa tatu tangu msiba wangewapa watawa chakula hekaluni kwa ajili ya dada yake, na kwamba mama yao angefurahi kuwaona watu ambao binti yake alikuwa akiishi nao. Mama aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Likizo yake ya mwaka huo ilikuwa ya Kitale. Jioni alimpigia baba simu, na nilimsikia akisema, "Naelewa. Watoto wataniona mwakani. Lakini nilimwahidi mtu, na mtu huyo hawezi kuniachilia ahadi." Nadhani baba alikubali, kwa sababu mama alisema asante.

Ugumu ulikuwa mahali pengine. Huku siku ya kanisa ni Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko, na baada ya ibada wanawake Wakenya wa mtaa wetu walikuwa wakikutana sebuleni kwa Mama Shiro kwa maombi na chai. Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Alikuwa na sauti nene, isiyo na haraka, na bila yeye wale wanawake walianza kila mtu kwa njia yake. Ijumaa hiyo Mama Shiro alisubiri vikombe vijae.

"Mama Nekesa, tumesikia unapeleka mtoto kwa hekalu ya masanamu."

"Naenda kwa kina Kumari," mama akasema. "Hekalu liko huko. Siwezi kulihamisha."

"Na wakikuambia piga magoti?"

"Nitawaambia mimi sipigi."

"Na huyu mtoto?"

"Ataingia na adabu, atatoka na adabu. Kumari amenilelea huyu mtoto miaka minne. Nilimshika mkono nikamwambia nitafika kwao. Ama mnataka nimdanganye marehemu?"

Sikulijua neno marehemu. Nilidhani ni cheo, kama sista au mwalimu, na nikafurahi kwamba Anti Kumari amekipata.

Mama Shiro hakuwa mtu mbaya. Alinilisha kwa wiki zile zote bila kulalamika. Alikuwa anaogopa, na aliogopa kwa ajili yetu. Alisema polepole, "Sawa. Enda. Lakini ukirudi hatujui kama ni wewe utatuanzishia nyimbo." Wengine walitazama zulia. Mama alimaliza chai yake, akaosha kikombe, tukaondoka.

Nilifunga begi langu mwenyewe. Mama aliniambia nguo nyeupe, na nikachagua gauni hili, lenye mikono mirefu, linalopita magoti. Kila siku kabla ya safari nilifanya mazoezi kwenye ukumbi wa nyumba, ingawa chumba cha Anti Kumari kilikuwa kimefungwa. Ndala. Kofia. Miguu upande. Mama alipoona alidhani nahuzunika, akaniacha. Sikuwa nahuzunika. Nilikuwa na kazi. Nilikuwa nimeamua kwamba sitakosea hata jambo moja, kwa sababu mtu hawezi kuruhusiwa kumwamsha aliyelala kama hajaingia vizuri.

Nimal alitupokea Kolombo, na baada ya saa tatu za barabara ya kupinda katikati ya mashamba ya mpunga tulifika kwao. Mama yake Kumari alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili. Hakuwa na neno moja tunaloweza kulielewa. Alimshika mama mashavu yote mawili na kumtazama kwa muda mrefu sana. Mimi alinitazama nywele, akanichana.

Asubuhi tulikwenda hekaluni na vyungu vya wali na mchuzi. Nilikabidhiwa sinia dogo la maua meupe yenye kitovu cha njano. Yalinukia hata bila kuinama, kwa hiyo ndani ya gari nilivuta pumzi kwa mdomo njia nzima. Kwenye lango tulivua viatu. Uani kulikuwa na mchanga uliofagiliwa ukabaki na mistari, na ulichoma nyayo, na sikuruka. Kulikuwa na taa nyingi za mafuta ya nazi kwenye fremu ya chuma iliyojaa masizi, na hapo ndipo upindo wa gauni langu ulipogusa mafuta.

Mtawa aliyetupokea alikuwa kijana, labda wa umri wa kaka yangu mkubwa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na alikuwa na mafua. Mama, kwa mazoea ya kwetu, alinyoosha mkono kumsalimu.

"Mama," nikamvuta sketi, "hapana mkono."

Mama aliurudisha mkono, akauweka kifuani, kama tunavyowasalimu wanaume wa Doha wasiopeana mikono na wanawake. Mtawa akainamisha kichwa. Nilijisikia kwamba bila mimi safari nzima ingeharibika pale.

Watawa walikula kwanza, sisi tukiwa tumeketi chini, na mama aliketi na kusikiliza kila walichokariri bila kufumba macho na bila kufungua mdomo. Kisha tukapelekwa kwenye nyumba ya yule Budha mrefu. Alikuwa mrefu kuliko nilivyowaza, kutoka ukuta hadi ukuta, na uso wake ulikuwa juu yetu, macho nusu wazi. Watu wa familia walipiga magoti. Mama alibaki amesimama nyuma, kando ya mlango, mikono imeshikana mbele. Hakuna aliyemwambia kitu.

Nami nikaanza kutafuta. Mbele hapakuwa na mtu mwingine aliyelala. Kwa hiyo lazima alikuwa nyuma. Upande wa miguu kulikuwa na kamba na nafasi nyembamba kati ya sanamu na ukuta. Niliweka sinia chini kwa mikono miwili, nikapita chini ya kamba, nikaingiza kichwa kwenye ile nafasi.

Shangazi mmoja alitoa sauti kali. Nimal alinishika bega akanivuta nje, na nikaona nyuso zote zimegeuka, na uso wa mama umebadilika rangi. Ndipo nilipojua kwamba nimekosea. Yule mtawa aliinua mkono watu wanyamaze. Alimwambia Nimal kitu.

"Anauliza unatafuta nini," Nimal akasema kwa Kiingereza.

"Anti Kumari."

Alilazimika kuitafsiri. Mama yake Kumari alivuta ncha ya nguo yake akajifunika uso.

"Nimefuata kila kitu," nikasema, kwa sababu niliona wanafikiri sikufundishwa. "Nimevua viatu. Sikunusa maua, hata kwa gari. Kwa nini hayuko?"

"Nekesa," mama akasema kutoka mlangoni.

Mtawa alipangusa pua yake, akatembea hadi kwenye miguu ya sanamu, akaniita nisimame upande huu wa kamba. Alionyesha vidole vya miguu, kila kimoja kikubwa kama mkate. Aliongea polepole na Nimal akafuata nyuma yake.

"Kuna mahekalu ambayo vidole vya miguu yote miwili vimelingana. Budha wa huko anapumzika, ataamka. Angalia hapa. Mguu wa juu umerudi nyuma kidogo. Hapa halali. Hapa amekufa. Waliomchonga walitaka kila anayeingia ajue hivyo, hata mtoto."

Niliangalia. Ilikuwa kweli. Mguu mmoja ulikuwa umerudi nyuma, upana wa kiganja changu.

"Na Kumari naye amekufa," mtawa akasema. "Mwili wake tuliuchoma moto ng'ambo ya lile shamba. Mimi nilikuwepo. Hayuko nyuma ya ukuta."

Nilisikia neno lile likisemwa kwa mara ya kwanza bila kuvishwa nguo. Nilimgeukia mama.

"Ulisema amelala."

Mama alikuja mpaka mbele, pale ambapo hakutaka kufika, akachuchumaa. Safari hii hakushika kamba za viatu, sikuwa na viatu. "Nilisema," akasema. "Nilikosea. Amekufa, Nekesa. Nilikuwa hapo akifa. Nilishindwa kukuambia."

Nililia, kwa sauti, ndani ya nyumba ile ambayo nilikuwa nimejifunza kunyamaza ndani yake. Hakuna aliyenikemea. Nilipomaliza, niliona sinia langu la maua bado liko sakafuni. Nimal alitaka kunisaidia kulibeba, nikamkatalia. Nilimuuliza mtawa kupitia kwake kama kupita chini ya kamba kumeyaharibu maua. Alifikiri, nadhani alifikiri kweli, halafu akasema hapana.

"Na kufuata kwangu kumefanya nini, kama hawezi kuamka?"

"Kumemheshimu," akasema. "Hiyo tu. Inatosha."

Haikuniridhisha, na sina hakika kama inaniridhisha leo. Lakini niliyabeba maua kwa mikono miwili hadi kwenye meza ya maua mbele ya Budha, nikayapanga moja moja, vitovu vikitazama juu kama Kumari alivyokuwa akipanga asumini, na nilichukua muda wangu wote. Watu walisubiri. Nilipogeuka kuondoka nilirudi kinyumenyume.

Nje, mama alimwambia Nimal amuulize mtawa jambo. Alisimama wima akalisema wazi. Yeye ana imani yake na hataomba hapa, na hataki kujifanya. Lakini amekuja kutoka mbali kwa ajili ya mtu wa hapa, na hawezi kukaa tu kama mgeni wa harusi. Je, mtu kama yeye anaweza kufanya nini?

Mtawa alitazama uani. Wageni wa sadaka walikuwa wameuvuruga mchanga wote. Akaenda kando ya kisima, akarudi na ufagio wa chelewa wenye mpini mrefu, akauegemeza ukutani karibu na mama ili asimpe mkononi. Mama akauchukua, akajifunga leso kiunoni.

Alifagia ua wote. Alianzia langoni akaja ndani, jua likiwa utosini, mistari yake imenyooka kama ya daftari. Mimi nilifuata nikiokota majani. Alipofika katikati, mama yake Kumari alitoka kivulini na ufagio wake, akaanza kutokea upande wa pili. Hawakutazamana. Walipokutana, yule mwanamke mdogo aliufuta mstari wa mama uliokuwa umepinda, akaufanya upya, na mama akacheka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akicheka tangu Kumari alazwe.

Tangu hapo mama hakulitumia tena neno kulala kwa jambo hilo. Wauguzi wenzake waliwahi kuniambia kwamba kwenye wodi yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kuzungumza na familia, kwa sababu alisema neno lenyewe kisha akabaki hapo, hakukimbia.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi tulikwenda sebuleni kwa Mama Shiro kama kawaida. Njiani nilimuuliza mama kama lazima twende, akasema tunaenda. Kiti chake cha karibu na meza kilikuwa na mtu. Tuliketi nyuma kabisa, kwenye viti vya plastiki kando ya friji. Mama Shiro alituletea chai, akaniuliza mimi, siyo mama.

"Nekesa, mama yako alipiga magoti huko?"

"Hapana," nikasema. "Alifagia."

"Alifagia nini?"

"Uwanja. Wote. Mimi niliokota majani. Anti Kumari amekufa, wamemchoma moto, na mama yake hajui Kiingereza."

Mama Shiro alibaki ameshika birika. Mwanamke aliyekuwa kwenye kiti cha mama alisema tuanze, na wakati wa wimbo ukafika. Wakangoja. Mmoja alianzisha juu sana, sauti ikamkatikia. Mwingine akajaribu chini, watatu wakamfuata na wengine hawakumfuata, nao wakaacha. Friji ilinguruma, ndege ikapita juu ya jengo. Kisha mama, bila kusimama na bila kuombwa na mtu, akauanzisha ule wimbo kutoka kiti cha nyuma, kwa ile sauti yake isiyo na haraka. Ubeti wote wa kwanza aliuimba peke yake.

Kwenye ubeti wa pili waliingia mmoja mmoja. Sikuona kama Mama Shiro aliimba. Nilikuwa namtazama mama.